Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: mtoto aliyezama hakuchukuliwa na mamba muntu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia elimu, afya, mazingira na usalama wa raia katika mji wa Lubumbashi na jimbo la Haut-Katanga,
Kwa wakurugenzi wa redio na televisheni zetu,
Kwa maprofesa na watafiti wa vyuo vikuu,
Kwa mapasta na viongozi wa dini,

Salamu za heshima.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari pembezoni mwa Lubumbashi. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za kawaida nimezipitia, zote zikagonga mwamba. Nilimwona shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu. Nikaandikia ofisi moja inayohusika, wakapiga muhuri kwenye nakala yangu, kisha kimya. Nikaandikia redio iliyotangaza habari ya mtoto huyo aliyezama, nao wakanijibu kwa simu kwamba wasikilizaji wanakipenda kile kipindi. Sasa nayasema mbele ya watu, kwa adabu ile ile niliyokuwa nayo kwenye barua za kwanza.

Majira ya mvua yaliyopita, mvulana wa darasa la tano la msingi alizama katika shimo lililoachwa na wafyatua matofali. Walichimba udongo, wakachoma tanuru lao, wakauza, wakahama. Mvua ikalijaza shimo. Nilifika pale kesho yake asubuhi. Kuta zilikuwa bado zimesimama wima jinsi jembe lilivyozikata, na udongo wenyewe ni mfinyanzi, ukilowa unateleza kama sabuni. Kuna upande mmoja tu wenye mteremko, nao umefunikwa na majani hivi kwamba mgeni hawezi kuujua. Kwenye ukuta unaotazama njia niliona alama za vidole, mistari minne minne, imepanda kutoka usawa wa maji kiasi cha mkono mmoja, kisha ikakoma. Mtu yeyote angezisoma alama zile. Hakuna aliyetumwa kuzisoma, kwa kuwa jioni ya siku ya msiba redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mtoto kachukuliwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki.

Kipindi kikaendelea siku zilizofuata. Mmoja alipiga simu akasema amesikia mwanamke akiimba majini. Mwingine aliona nywele ndefu zikielea. Halafu likaja lile swali ambalo halikosi kuja: nani amemtoa kafara? Kisa tunakijua sote tangu utoto. Mamba muntu hagawi mali bure, anataka damu ya mtu wa karibu. Vidole vikamwelekea msichana wa miaka 12, yatima anayelelewa na mama yake mdogo karibu na shimo lile, ambaye alizoea kumsaidia marehemu masomo yake. Wakampeleka kwenye chumba cha maombi. Wakamnyima chakula na maji, wakamtia pilipili machoni ili aungame. Akaungama. Ni mtoto gani asingeungama?

Msichana huyo ni mwanafunzi wangu. Aliporudi darasani macho yalikuwa bado yamevimba, akawa anainua daftari hadi karibu na pua ili asome. Benchi la watoto watatu analikalia peke yake, kwa sababu wazazi wa wenzake wamewakataza hata kugusana naye kiwiko.

Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Kifo cha mtoto kilitangazwa bila mtu kwenda kuangalia.

Sitaki mamba muntu apigwe marufuku. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mji huu walimchora kwa mamia, mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, saa mkononi na nyoka kiunoni, na picha yake ikatundikwa sebuleni kwa baba zetu. Nilikua chini ya picha kama hiyo na mpaka leo naipenda. Tena nyanya zetu walikuwa na kazi naye. Walituambia, usiende mtoni peke yako, mamba muntu atakuvuta, nasi tukawa hatuendi. Hadithi ile iliwazuia watoto wengi wasizame kuliko kibao chochote cha serikali. Ndiyo maana inaniuma kuona imegeuzwa. Zamani ilimweka mtoto mbali na maji. Leo inasubiri azame kwanza, ndipo imtafutie mtoto mwingine wa kumbebesha lawama.

Mtangazaji anayesimulia hadithi usiku anafanya kazi nzuri. Akisoma habari ya msiba ana wajibu mwingine: aende mahali, aulize mganga wa hospitali, aulize polisi, apime maji kwa kamba. Hata saa moja isingekwisha.

2. Wenye elimu wanacheka, halafu wanaondoka.

Hili linanikera kuliko hata ile redio. Nilipomweleza mkubwa mmoja aliyesoma sana, alitabasamu akasema mambo hayo ni ya watu wasiosoma, yataisha yenyewe. Hayajaisha. Na historia ya sayansi katika nchi yetu hii haimpi mtu ruhusa ya kucheka kabla ya kuuliza.

Wambuti wa msitu wa Ituri walimjua okapi siku zote. Wazungu walidhani wanazungumza juu ya punda fulani, au juu ya ndoto. Harry Johnston, aliyekuwa akitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, ndiye aliyewauliza kwa makini na kutuma London vipande vya ngozi. Mwaka 1901 wataalamu wakampa mnyama huyo jina kama aina ya pundamilia. Fuvu lilipofika mwaka huo huo, wakakuta ni ndugu wa twiga. Wambuti hawakuwa wameota.

Mwaka 1913, huko huko Ituri, Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu, unyoya wa ndege asiyemjua. Akautunza zaidi ya miaka 20, mpaka alipowaona ndege wawili waliokaushwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wamewekewa kibandiko cha uongo. Mwaka 1936 akamtangaza tausi wa Kongo. Na hata juzi tu, mwaka 2007, watafiti walimkuta tumbili wasiyemjua amefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi mjini Opala. Wawindaji wa Lomami walikuwa wanamwita lesula tangu zamani. Sayansi ilimwandika rasmi mwaka 2012.

Kuna na upande wa pili, nao nawafundisha wanafunzi wangu vilevile. Mokele-mbembe, yule mnyama mwenye shingo ndefu anayesemwa huko Likouala, Kongo-Brazzaville, alitafutwa na msafara baada ya msafara. Roy Mackal, mwanabiolojia wa Chicago, alikwenda mwaka 1980 akarudi tena 1981. Hakuna mfupa, hakuna ngozi, hakuna mzoga uliowahi kuletwa. Na kule Bili na Bondo, kaskazini mwa nchi yetu, ilisemekana kuna nyani wakubwa wanaoua simba na kulala chini badala ya juu ya miti. Walipopimwa vinasaba walionekana ni sokwe mtu wa mashariki tunaowajua. Hata hivyo, lile la kulala chini lilikuwa kweli: viota vyao vingi viko ardhini.

Mnaona njia ilivyokuwa katika visa vyote hivi. Mtu alisema jambo, mwingine akaenda kutazama, akarudi na ngozi au unyoya au jibu la maabara, na jibu likatangazwa, liwe ndiyo, liwe hapana, liwe nusu kwa nusu. Kwa okapi tulifanyiwa hivyo. Kwa mtoto wa kartie yetu mbona haikufanyika?

Tena wakati mwingine hadithi yenyewe si ya kweli, lakini inaonyesha kidole mahali pa kweli. Wazee wetu wa enzi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, walisimulia habari za batumbula, watu wanaotumwa na Wazungu kukamata watu usiku, kuwanenepesha na kuwala. Wakoloni walicheka. Laiti wangeuliza woga ule unatoka wapi, wangesikia habari za wanaume walioandikishwa kazi vijijini na hawakurudi, na za mji huu huu wetu, ambao Desemba 1941 wafanyakazi wake waliogoma walipigwa risasi uwanjani. Leo mama akisema pale shimoni kuna mamba muntu, msikieni anachosema. Anasema pale panaua.

3. Yaliyokwisha kuchunguzwa hapa hapa hayajarudishwa kwetu.

Katika mtaa wangu kuna mama aliyejifungua mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa. Siku ya tatu tu wakweze walikuwa wamekwisha kuamua: mama amelala na mzimu wa maji. Mume akahama. Mume huyo anaosha mawe ya madini. Kila jioni alikuwa akirudi na suruali iliyoganda vumbi jeusi, na mkewe akiifua kwenye beseni lile lile la kuoshea sahani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi uliofanyika katika mji huu, Lubumbashi, na watafiti wa hapa pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Waliwachukua watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, wakawalinganisha na watoto 108 wasio nazo. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba: wanaume wenye kazi za migodi na madini walionekana wengi zaidi miongoni mwa baba za watoto wenye kasoro. Uchunguzi haukusema kila kasoro inatoka mgodini, wala haukumaliza maswali. Lakini ulielekeza macho kwenye kazi ya baba, wakati mtaa mzima umeyaelekeza kwenye tumbo la mama. Na kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti walikuwa wameonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana madini ya kobalti mengi mno katika mkojo wao.

Mkojo ni wetu. Watoto ni wetu. Matokeo yako kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo shule yangu haiwezi kuyalipia. Mama yule hajayasikia. Angeyasikia kwa Kiswahili, kwenye redio ile ile inayotangaza mizimu, wakweze wangekosa pa kusimama, na mume angejua kwamba ile suruali haitakiwi kuingia ndani.

4. Sheria ipo, imelala.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza wazi kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemshutumu mtoto kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Kumtia mtoto pilipili machoni ni kosa hata bila kifungu hicho. Katika kisa ninachowaandikia, hakuna aliyeulizwa hata swali moja.

Waheshimiwa, najua majibu yanayonisubiri. Mengine nimekwisha kupewa uso kwa uso.

Mtasema haya ni mambo ya imani na serikali haiingilii imani. Sijawaomba muingilie. Mtu na aamini mamba muntu yuko katika kila mto wa Katanga, ni shauri lake. Akimshika mtoto wa mwenzake, shauri limekuwa la polisi.

Mtasema hakuna pesa. Kuzungushia shimo uzio wa miti na kulikata mteremko wa kupandia ni kazi ya siku chache kwa vijana wa mtaa wenye majembe. Kusoma tangazo redioni ni dakika tano.

Mtasema ukilizungumza jambo hili unalipa nguvu, afadhali kunyamaza. Nyamazeni, basi, lakini mjue wengine hawanyamazi. Tuliona huko Kivu Kaskazini na Ituri wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Uchunguzi uliofanyika Beni na Butembo mwanzoni mwa mlipuko ulikuta kama robo ya watu waliohojiwa hawaamini kwamba Ebola ipo, na wale wasiowaamini viongozi ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mtu hakosi imani na daktari kwa sababu ni mjinga. Anaikosa kwa sababu miaka yote wenye ofisi hawakumweleza kitu, halafu siku moja wanafika na magari wakitaka aamini papo hapo.

Na wengine, hasa katika ninyi mapasta, mtasema ulimwengu wa roho upo na mwalimu wa biolojia hauelewi. Sibishani nanyi juu ya roho. Najua wengi wenu mnawapokea yatima kwa mikono miwili, na mmoja wenu ndiye aliyemtoa msichana yule kwenye chumba kile na kumrudisha kwa mama yake mdogo. Namheshimu kwa hilo. Semeni basi madhabahuni, waziwazi, kwamba njaa na pilipili si maombi.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, jina la msichana huyu lisafishwe. Redio iliyolitia doa isome tangazo, saa ile ile ya kipindi kile, kwa Kiswahili cha mtaani, kwamba mvulana alizama katika shimo la matofali na kwamba hakuna mtu aliyemtoa kafara. Mamlaka ya elimu iwaandikie wazazi wa shule yetu maneno hayo hayo.

Pili, mashimo yote yaliyoachwa pembezoni mwa mji yaorodheshwe na kuzibwa, au angalau yazungushiwe uzio na kukatwa mteremko, kabla mvua za kwanza hazijaanza. Wafyatua matofali wasipewe ruhusa ya kuchimba pengine kabla hawajalifukia la kwanza. Hili lisingoje semina.

Tatu, kila kifo cha mtoto majini, na kila uvumi wa kiumbe uliosababisha mtu kushutumiwa, uchunguzwe na kikundi kidogo: mganga wa hospitali, polisi, mtu wa kartie, na mtafiti mmoja wa chuo kikuu. Ndani ya siku 14 wasome redioni walichokiona, hata kama ni kusema hawajapata jibu. Na kama mvuvi atasema ameona mamba mahali ambapo hatukumjua, wakaangalie vilevile, kwa kuwa mamba wa kweli wapo katika mito na maziwa ya Katanga, nao wanaua bila mtu kuwatuma.

Nne, watafiti wanaochukua mkojo, damu na maji yetu wasiondoke bila kuturudishia matokeo kwa Kiswahili, kwenye zahanati, shuleni na makanisani. Karatasi moja yenye maneno ya wazi inatosha. Wakihitaji mtu wa kuwatafsiria, walimu tupo na hatutadai faranga.

Tano, waliomtesa msichana huyu waitwe na wahojiwe kwa mujibu wa sheria ya 2009. Siombi wapigwe wala wachomewe nyumba. Naomba mahakama.

Na sita, tupewe nafasi, sisi walimu, ya kuzungumza na watoto juu ya mamba muntu, batumbula, nyoka wa mgodini na wengineo ndani ya saa za masomo, bila kuitwa tunafundisha uchawi na bila kuitwa tunatukana mila. Nimekwisha kujaribu katika darasa langu. Niliwapa unyoya wa kuku na mfupa ambao hawakuujua, nikawauliza: mngewezaje kujua vimetoka kwa mnyama gani? Walibishana kipindi kizima. Mmoja akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuleta hata gamba moja la mamba muntu. Swali hilo halikutoka kwangu, lilitoka kwa mtoto wa mvuvi.

Nakala ya barua hii nimeiweka katika ofisi ile ile iliyopiga muhuri wa kwanza. Shimo bado liko wazi, na mwezi wa kumi mvua huanza. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi, nami niko tayari kumpeleka yeyote kati yenu aone mahali penyewe, siku na saa atakayoichagua.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu wa biolojia,
Lubumbashi